Kufuli la Mzee Ruhuza

Kitako cha bunduki kilimpata Siwema Ntahondi mdomoni, na lile jino lililokuwa likimnyima usingizi tangu mwezi wa Ramadhani likang'oka bila daktari wala sindano. Alipiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kuongozea mitambo, akatema damu, akalitazama jino lake, akakasirika kuliko alivyoogopa.

"Nauliza mara ya mwisho, mama," alisema mwenye bunduki, jibaba la ndevu ambalo wenzake walikuwa wakiliita Masudi. "Swichi kuu iko wapi?"

"Nyuma yako."

Na kweli ilikuwa nyuma yake. Ilikuwa na ukubwa wa mlango wa kabati, imepakwa rangi nyekundu, imeandikwa jina lake kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma. Masudi aligeuka, akaiona, akaona haya, na kwa sababu ya haya akainua tena bunduki.

"Nani kakutuma umpige?"

Sauti ilitoka mlangoni. Siwema aliijua kabla ya kugeuza kichwa. Mzee Ruhuza aliingia akiburuta ule mguu wake wenye nyonga mbovu, amevaa shati la jeshi lisilo lake. Ndiye aliyemfundisha Siwema kazi, ndiye aliyemfundisha karibu kila mtu kwenye kiwanda hiki cha Uvinza, kabla hajafukuzwa. Upande wa pili wa chumba binti yake, Nyanzobe, fundi wa zamu ileile, aliinuka kutoka sakafuni alikolazwa pamoja na wenzake.

"Baba? Baba, unafanya nini na hawa watu?"

Mzee alimpita. Alimwinamia Siwema, akamfuta damu kwa kiganja, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Hawakutakiwa kuwagusa." Kisha akaushika mpini wa swichi kuu na kuuteremsha.

Muungurumo ukakatika. Walikuwa wameishi ndani ya sauti ile mpaka hawaisikii tena, na sasa ukimya wake uliwaumiza masikio. Kwenye ukumbi wa seli, nyuma ya kioo kirefu, safu mbili za seli, masanduku makubwa yaliyokuwa yakiyachana maji ya chumvi kwa umeme, ziliacha kazi. Chumvi ya chemchemi za Uvinza iliingia humo na mkondo wa umeme uliotoka mto Malagarasi ukaipasua: huku magadi makali, huku klorini. Viwili hivyo vikichanganywa vilitoa dawa ya maji iliyonywewa na kila mji kandokando ya ziwa. Hapakuwa na tanuri wala bomba la moshi, na kwa ajili ya usafi huo sheria iliwapa viwanda vya namna hii umeme kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakulima wa bondeni, wenye pampu zao za kumwagilia, walipewa kilichobaki. Ukame ulipoingia, hakikubaki kitu. Mahindi yakakauka, ng'ombe wakafuata, na watoto wa kwao Ruhuza wakaanza kuvimba matumbo huku waya wa umeme ukipita juu ya vichwa vyao kwenda kwingine.

"Kiwanda kikizima, mkondo unarudi bondeni wenyewe," Mzee alisema. "Ndivyo gridi ilivyofungwa. Nataka uende huko mpaka wakubwa wakae na sisi mezani."

Akavua shingoni kufuli la shaba lililochakaa, akalipitisha kwenye tundu la mpini, akalifunga. Mafundi wote waliokuwa sakafuni wakashusha macho.

Masudi alicheka. "Kufuli? Sisi tuna bunduki, mzee."

"Bunduki zenu watazijibu kwa bunduki," alisema Ruhuza. "Hili hapa hakuna wa kulijibu."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye ukumbi wa seli, reli za shaba nene kama paja la mtu hupita wazi, bila kufunikwa, na mkondo wake haumpi mtu nafasi ya kujuta. Anayeingia kufanya kazi hutundika kwanza kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, ufunguo akauvaa shingoni, na hakuna mwingine wa kulifungua, awe injinia, awe waziri. Utaratibu huo uligeuka kiapo siku aliyokufa baba yake Siwema. Meneja wa wakati ule aliambiwa kila mtu ametoka, akalikata kufuli lililobaki, akawasha. Ruhuza ndiye aliyembeba marehemu kutoka ndani, akamlaza chini vizuri, kisha akaenda kumvunja meneja taya mbele ya watu. Ndiyo sababu ya kufukuzwa kwake. Tangu hapo kila fundi, mpya kwa mkongwe, huapishwa akiwa ameishika reli ya shaba kwa viganja viwili vitupu, kufuli lake likiwa swichini, akiwaamini wenzake waliobaki nje. Siwema aliapa hivyo. Nyanzobe aliapa hivyo, na Siwema ndiye aliyemwapisha.

Mzee Ruhuza alichukua redio ya mkononi mezani, akafungua mlango wa ukumbi.

"Baba!" Nyanzobe alilia. "Unakwenda kufanya nini huko?"

"Nakaa," alisema mzee, akaingia.

*

Walinzi wa kampuni walifika mchana, na hawakuuliza swali hata moja. Walianza na betri za akiba, sijui kwa kulenga au kwa upumbavu, zikalipuka kwenye kibanda zilimowekwa na kuwaka moto. Halafu wakageukia madirisha.

Masudi alipigwa shingoni. Alikaa chini polepole akiwa na uso wa mtu aliyesahau alichotaka kusema, na damu ikamruka Siwema kifuani. Siwema alivua mtandio wake akalikandamiza lile tundu kwa mikono yote miwili. Mtu huyuhuyu alikuwa amemng'oa jino asubuhi. Masudi alimshika mkono, akaukaza, akajaribu kuuliza jambo, akatoa mapovu mekundu tu, akafa. Siwema alijikuta analia, na akajichukia kwa kulia, maana hakujua analilia nini.

Mmoja wa wavamizi alirusha bomu la kienyeji kuelekea mlango wa walinzi. Liligonga nguzo, likarudi kwenye ukumbi wa seli. Kishindo kilizitikisa kuta, na lile daraja la chuma ambalo mafundi hupita juu ya seli likaanguka na kulalia reli za shaba, kipande baada ya kipande, mpaka katikati ya ukumbi pasiwe na mahali pa kukanyaga pasipogusa shaba.

"Mzee!" Siwema aliita redioni. "Mzee Ruhuza, u mzima?"

"Nipo," ilijibu redio, kwa kikohozi. "Mimi sifi kwa vurugu za kitoto."

Ndipo mlio ukaanza. Ulikuwa mlio mwembamba kutoka banda la matangi, wala haukukoma. Risasi moja, haijulikani ya nani na haitajulikana, ilikuwa imetoboa tangi la klorini.

Siwema alikimbilia dirisha la nje. Ile gesi ilikuwa inatoka chini ya mlango wa banda, rangi ya embe bichi linaloanza kuiva, nzito, haina haraka. Klorini haipandi juu. Inatambaa, inatafuta mabonde na mashimo, na chini ya kiwanda kile mteremko wote unaelekea shule ya msingi na nyumba za wafanyakazi. Mbuzi waliokuwa wakila majani kando ya uzio walipiga chafya, wakapiga magoti. Mlinzi mmoja aliyekuwa amejibanza kwenye mtaro alitoka mbio akijikwaruza koo kwa kucha, akaanguka kifudifudi, akabaki anachimba udongo kwa vidole.

Wavamizi waliobaki walitupa bunduki. "Mama, ni nini hiyo?" mmoja alimuuliza Siwema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemuuliza mama yake kweli.

"Klorini. Kimbieni juu mlimani. Lowesheni nguo mzibe pua. Msishuke bondeni!"

Wakakimbia. Injinia Bihemo, mkuu wa kiwanda, akatoka chini ya meza alikokuwa tangu risasi ya kwanza.

"Feni," alisema, meno yakigongana. "Feni na pazia la maji. Washa, Siwema!"

Dawa ya balaa lile ilikuwapo. Feni za bandani huvuta gesi na kuisukuma kwenye mnara wa magadi makali, na magadi huila yote. Pampu za uzio hurusha ukuta wa maji kuizuia ile iliyokwisha toroka. Lakini feni zilitaka umeme, pampu zilitaka umeme, na vyote vilipita kwenye swichi ileile nyekundu, kwa sababu waliojenga waliona kuvuta waya wa pili ni kuharibu shaba bure. Jenereta ya dizeli iliondolewa kwa sheria ya hewa safi. Mahali pake pamepandwa maua.

Na mpini wa swichi ulikuwa na kufuli.

*

"Mzee Ruhuza, nisikilize. Tangi limetoboka. Gesi inashuka shuleni. Njoo ufungue kufuli lako."

Redio ilikwaruza. "Wimbo huo nimeshauimbiwa, Siwema. Siku ya baba yako pia walisema kila mtu ametoka."

"Mimi siyo wao! Vuta hewa, mzee. Vuta tu hewa."

Akasikia anavuta. Akasikia kikohozi kirefu, cha kukwaruza, na baada ya hapo sauti iliyokuwa imezeeka ghafla. "Mungu wangu. Watoto." Kisha: "Natoka. Daraja limelala, inabidi nitambae juu ya seli. Nyonga hii nayo. Nipe nafasi, mwanangu, natoka."

Walimwona kupitia kioo, mbali mwishoni mwa ukumbi, akijivuta juu ya sanduku la kwanza. Alishuka upande wa pili kwa mguu mmoja, akapumzika, akaanza kulipanda la pili. Mbele yake kulikuwa na safu nzima.

Siwema alitazama dirisha la nje. Ukungu wa manjano ulikuwa umevuka uzio. Walimu, kwa kuogopa risasi, walikuwa wamewatoa watoto madarasani na kuwalaza kwenye uwanja wa mpira, chini kabisa ya mteremko.

Injinia Bihemo alikuwa ameshika mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Alimnyooshea. "Kata!"

"Kata wewe."

"Wewe ndiye kiongozi wa zamu."

Siwema aliupokea, na akamtazama kwa dharau ambayo Bihemo atakufa nayo. Alipogeuka, Nyanzobe alikuwa amesimama, mgongo kwenye swichi, mikono ameitandaza.

"Dada Siwema, anatoka. Si unamwona anatoka?"

"Mwanao Tatu yuko kule uwanjani."

"Unadhani sijui? Najua yuko kule!" Machozi na makamasi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta. "Mngoje baba. Kidogo tu. Wewe ndiye uliyeniapisha, dada. Ulisema kufuli halikatwi hata dunia ikiungua. Mngoje!"

Siwema alingoja. Waliosema baadaye kwamba hakungoja hawakuwapo. Alingoja mzee akapanda sanduku jingine, akateleza, akaning'inia, akajivuta tena. Alingoja huku akiwaona watoto wa safu ya mwisho wanainuka kwa kukohoa, wanakimbia ovyo, wengine wakikimbilia kulekule gesi inakotoka. Mtoto mmoja mwenye sweta la bluu alianguka hakuinuka. Aliyerudi kumwinua akamwangukia juu.

"Mzee, kaza mwendo!" alipiga kelele redioni.

"Nakaza," ilisema redio. "Nakaza, mama."

Hakuna sehemu ya ukumbi ambapo mtu angeweza kujibanza akapona mkondo ukirudi. Siwema alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alimwambia Nyanzobe atoke. Nyanzobe alitikisa kichwa. Siwema aliinua ule mkasi wa chuma na kumpiga nao begani, na wote wawili wakasikia mfupa unavunjika.

Nyanzobe hakuondoka. Alimrukia, akamng'ata mkono mpaka meno yakakutana na mshipa. Siwema alimpiga kiwiko cha pua, akamshika nywele, akamburuta, akampiga tena pale palepale palipovunjika, na safari hii binti akapiga yowe na kuanguka. Hata chini alimshika kifundo cha mguu. Siwema alimkanyaga vidole.

Akauma kufuli kwa mdomo wa mkasi. Kufuli lilikuwa la zamani, gumu, la watu waliokuwa wakitengeneza vitu vya kudumu. Aliegemeza uzito wake wote, damu ikimtoka mdomoni na mkononi, na likakatika.

Aliinua macho. Mzee Ruhuza alikuwa amesimama juu ya seli, amekwisha pita nusu ya ukumbi, anamtazama kupitia kioo. Aliinua mkono. Labda alikuwa anamzuia. Labda alikuwa anamruhusu. Siwema amejiuliza jambo hilo kila siku tangu hapo na hajapata jibu.

Akaupandisha mpini.

Muungurumo ulirudi. Mwili wa mzee ulinyooka kuliko mwili unavyoweza kunyooka, ukakakamaa hapo, nguo zikafuka moshi, kisha ukapinduka katikati ya safu mbili na cheche nyeupe zikaruka mpaka darini. Nje, pampu zilikohoa, na ukuta wa maji ukasimama kwenye uzio wote, mrefu, unang'aa juani. Gesi ilianza kunywea. Bihemo alisema "Alhamdulillahi," na hakuna mtu aliyeitikia.

*

Walizika watoto wawili na mlinzi. Masudi alizikwa na watu wa kwao, na Mzee Ruhuza na watu wa kwake, bondeni, kwenye ardhi iliyopasuka. Siwema hakwenda mazishi hayo. Angekwenda na uso gani?

Kiwanda kiliendelea kuunguruma kwa safu moja. Ile nyingine ilikuwa imekufa, na ili kuitengeneza lazima swichi ishushwe na watu waingie. Hakuna aliyeingia. Mafundi walifika kila asubuhi, wakavaa kofia zao, wakakaa kwenye benchi la chumba cha kuongozea na makufuli yao mapajani. Injinia Bihemo aliwaletea habari ya makufuli mapya, ya kisasa, yanayofunguliwa na makao makuu kwa mtandao. Waliangua kicheko mpaka akaondoka.

Siku Nyanzobe alipokuja kuchukua vitu vyake, mkono umefungwa kifuani, pua imepinda, Siwema alikuwa amesimama mbele ya swichi. Benchi zima liligeuka kuwatazama.

"Tatu anaendeleaje?" Siwema aliuliza.

"Anakohoa. Anakula." Nyanzobe alimtazama moja kwa moja. "Mwanangu yu hai kwa mkono wako, na baba yangu kafa kwa mkono huohuo. Sijui nikufanyeje. Walimkuta ameshika ufunguo, unajua? Ilibidi wavivunje vidole vyake."

Ule ufunguo sasa Nyanzobe alikuwa ameuvaa shingoni.

Siwema aligeukia swichi. Aliteremsha mpini wa swichi, muungurumo ukakatika, akatundika kufuli lake na kulifunga. Halafu akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na fundi yeyote wa pale. Alivua ufunguo wake shingoni, akauweka kwenye kiganja kizima cha Nyanzobe, akakifumba.

"Naingia ndani," alisema. "Mpini huo hapo. Kazi unaijua."

Alichukua redio, akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

Alitembea katikati ya safu mpaka kwenye doa jeusi alipoangukia mzee. Hapo alivua glavu na kuishika reli ya shaba kwa viganja viwili, kama siku ya kiapo. Kupitia kioo alimwona Nyanzobe akiingiza ufunguo kwenye kufuli. Alimwona akilivua. Alimwona akiushika mpini, na mafundi wote wakisimama kwenye benchi bila kujua waende wapi. Siwema alifumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu mno. Alipofumbua, kufuli lilikuwa limerudi mahali pake, limefungwa, na Nyanzobe alikuwa anavaa ufunguo wa pili shingoni, juu ya ule wa baba yake. Kisha akachukua kifurushi chake, akatoka, akaanza kushuka njia ya bondeni bila kugeuka.

Kwa mbali, kutoka huko chini, ilianza kusikika pampu moja. Ikafuata nyingine.

Bihemo aliingia mbio na ule mkasi wa chuma. Mafundi walitoka benchini, wakajipanga mbele ya swichi, bega kwa bega, na mmoja wao akamnyang'anya mkasi na kuutupa nje dirishani.

Redio ilikwaruza. "Siwema! Ufunguo kaondoka nao! Toka humo basi, ukitoka tutalikata, kufuli la mtu aliyetoka si kitu! Dawa iliyopo ghalani haitazidi wiki chache, unanisikia? Wakubwa watanipigia simu sasa hivi, niwaambieje?"

"Waambie waje wakae mezani na watu wa bondeni."

"Na wewe je? Unafanya nini humo?"

Siwema alisafisha kwa mkono mahali pale penye doa, akaegemeza mgongo wake kwenye shaba ya baridi.

"Nakaa," alisema.